Masanja, ng'ombe wasiuzwe kwanza

Ploiești, Jumapili 9 Machi 2025

Ndugu yangu Masanja,

Salamu kwanza, maana najua shemeji ataisoma barua hii kwa sauti, na nikianza na ugomvi atasema Ulaya imeniharibu. Hamjambo wote? Mimi mzima. Goti limepona, baridi imelegea, na mama mwenye nyumba bado ananiletea supu ya utumbo kila Jumamosi, ya siki na vitunguu saumu, nzuri kuliko unavyodhani. Nimekaa kimya tangu Oktoba. Sababu ninazo tatu, zote mbovu, nitazisema nikija.

Sasa. Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mara nne. Mpwa wako kapata "mkataba wa awali" wa timu ya Romania, wakala anataka euro 1,800 za kufungulia faili, na babu yake yuko radhi kuuza ng'ombe watatu. Halafu wewe, mtu mzima na ndevu zako, unaniuliza swali moja tu: "Hii timu ipo kweli?"

Ipo, kaka. Na haipo. Ndiyo maana naandika barua badala ya kukujibu kwa mstari mmoja kwenye simu.

Jina la timu sitaliandika hapa, kijana asije akalisikia akadhani naisema vibaya. Timu yenyewe haina kosa, wala sidhani kama inajua kuna mtu Mwanza anauza jina lake. Ila huyo wakala kajua kuchagua. Kachukua jina kubwa la zamani, lenye makombe, ambalo ukilitafuta unakuta picha nyeusi na nyeupe za watu wamebeba vikombe. Nchi hii imejaa majina ya namna hiyo. Timu inakufa, jina linabaki, kisha mwingine anaanzisha timu kwa jina lile na kupachika nembo ileile. Mara nyingine wanajitokeza wawili, na kila mmoja anaapa kuwa yeye ndiye mwenye marehemu.

Ngoja nikuambie ya mji huu ninaokaa. Ploiești ni mji wa mafuta, na timu yake inaitwa Petrolul, yaani Mafuta, basi. Wamekuwa mabingwa wa nchi 1958, 1959 na 1966. Mwaka huohuo wa 1966 waliifunga Liverpool 3-1 hapahapa. Kule Anfield, uwanja wa Liverpool, walikuwa wamelala 2-0, na enzi hizo jumla ikilingana mnakutana uwanja wa tatu, basi wakaenda Brussels wakafungwa 2-0. Mzee wa ghorofa ya pili, fundi mstaafu wa kiwanda cha kusafishia mafuta, hunisimulia yale mabao matatu kama aliyafunga yeye. Akifika Brussels anaanza kuulizia bei ya nyanya Tanzania.

Mwaka 2013 walichukua Kombe la Romania. Mwaka 2016, mimi nikiwa mwaka wa pili chuoni, timu ikafilisika na kufutwa. Miaka mitatu tu! Msimu uliofuata jina lilelile na jezi zilezile za njano zikaanzia Liga IV. Usidanganywe na neno liga. Juu kuna Liga I, II na III. Ya IV ni ligi ya mkoa, kila mkoa na yake, na wachezaji wengi wanakuja uwanjani wakitoka zamu ya kazi.

Mzee alinichukua siku moja kwenda kijijini kuwatazama. Uwanja hauna jukwaa, nyuma ya goli moja kuna shamba la mahindi na nyuma ya goli lingine kuna mabata bukini wanapiga kelele kuliko mashabiki. Watu wamepanda juu ya trela la trekta. Timu iliyoifunga Liverpool inapasha misuli, na mwenyeji mmoja anamwomba golikipa wetu asogee kidogo apitishe toroli la majani. Nilicheka hadi mzee akaninunia. Yeye alikuwa amevaa skafu yake ya zamani na viatu vya kanisani.

Walipanda 2017, wakapanda tena 2018, wakahangaika Liga II hadi 2022 ndipo wakarudi juu. Kwa hiyo ukiniuliza kama Petrolul ipo, nakujibu ipo. Je, ni ileile ya 1966? Mwulize mzee wa ghorofa ya pili, lakini nenda na muda wa kutosha.

Nimekumbuka wewe na Pamba yako, timu ya Mwanza. Ilivyoshuka tukiwa shule ulisema haitarudi, nikakubishia, ikarudi mwaka jana, na ile soda yangu mpaka leo sijaiona. Hapa kuna ndugu yake: UTA ya Arad, mji wa mpakani na Hungary. Ilianzishwa 1945 na baron Francisc Neuman, mwenye kiwanda cha nguo. Tajiri kweli, alipenda mpira wa Kiingereza, akajenga na uwanja. Ubingwa wa 1947 ukaja, wa 1948 ukaja. Mwaka huohuo wa 1948 serikali ya kikomunisti ikataifisha viwanda, na baron akaondoka nchini. Timu ikabaki na wafanyakazi wa kiwanda na ikaendelea kushinda, jumla mataji sita, la mwisho 1970. Msimu uliofuata iliitoa Feyenoord ya Uholanzi, waliokuwa mabingwa wa Ulaya wakati ule: 1-1 kule Rotterdam, 0-0 nyumbani. Kufikia wakati huo jumla ikilingana bao la ugenini ndilo linaamua, basi likatosha.

Halafu ikaja kuporomoka, miaka na miaka madaraja ya chini, ikarudi juu 2020. Na ni huko chini ndiko kilikotokea kisa ninachotaka umsomee babu yake kijana kabla hajapeleka ng'ombe mnadani. Mwaka 2006 magazeti yaliandika kwamba beki wa UTA kauzwa kwa timu ya Liga IV, Regal Horia, kwa kilo 15 za soseji za nguruwe. Soseji, Masanja! Yule beki hakukaa hata wiki, akaacha mpira akaenda kufanya kazi shambani Hispania, na Regal wakawa wanalalamika wamepoteza mchezaji na chakula cha timu. Sasa piga hesabu. Hapa timu ya daraja hilo inanunua beki kwa soseji, na huko familia yetu inatakiwa itoe ng'ombe watatu ili kijana aje *kujaribiwa*. Nani anamnunua nani?

Nimetoka kwenye mstari. Nilitaka kukueleza kwa nini zinakufa, maana ulinipigia kelele kwamba "Ulaya timu hazifi".

Zamani kila timu ilikuwa na baba. Tazama majina tu: Petrolul ni mafuta, Oțelul ni chuma cha pua, Minerul ni wachimba migodi, CFR ni shirika la reli. Kiwanda kiliwaandika wachezaji kama vibarua na kulipia basi, jezi na nyama. Baada ya mapinduzi ya Desemba 1989 viwanda vikauzwa au vikafungwa, baba akafa, watoto wakawa ombaomba kwa halmashauri za miji na kwa matajiri wapya. Tajiri akichoka, timu inazikwa.

Zingine hazikuwa na kiwanda, zilikuwa na mkubwa. Hii ya Scornicești huwa siichoki. Ni kijiji alikozaliwa Ceaușescu, dikteta wao. Timu ya kijiji, mwaka 1978, ipo daraja la tatu na inafukuzana na timu ya Moreni kwa tofauti ya mabao. Siku ya mwisho kila mmoja anacheza kwake, na kuna watu kwenye simu wanapashana matokeo ya upande wa pili. Wazee hapa wanasema matokeo yaliyosomwa kwenye simu hayakuwa ya kweli, yalikuzwa, basi Scornicești wakaambiwa ongezeni, wakaongeza, ongezeni tena. Mpira ukaisha 18-0. Kumi na nane! Kamati ya ufundi ya kwetu haijawahi kufika huko. Mwaka uliofuata wakaingia daraja la juu kwa jina la FC Olt, wakajengewa uwanja ambao kijiji kizima kingeingia na nafasi ikabaki. Ceaușescu akapigwa risasi siku ya Krismasi 1989, na msimu haujaisha timu ikaondolewa ligi kuu. Lakini usicheke sana, maana wachezaji walikuwa wa kweli: mshambuliaji Victor Pițurcă alipitia pale, na Dan Petrescu yule wa Chelsea alicheza pale kwa mkopo.

Na Petrescu huyohuyo ndiye aliyekuja kuipa ubingwa Unirea Urziceni mwaka 2009. Mji mdogo, watu elfu kumi na kitu. Msimu uliofuata wakaingia Ligi ya Mabingwa na kuifunga Rangers 4-1 kulekule Glasgow. Mwaka 2011 timu haipo. Mabingwa wa 2011, Oțelul ya Galați, walicheza na Manchester United, na 2016 nao wakafa. Mashabiki wakaianza upya Liga IV mwaka huohuo.

Ila Mei mwaka jana, mimi na mzee tulitazama fainali ya kombe kwenye televisheni yake: Oțelul waliofufuka dhidi ya Corvinul Hunedoara, mji wa chuma mwingine, timu ya Liga II, nao walishakufa na kuanza upya. 2-2, penalti, Corvinul wakachukua. Timu ya daraja la pili ikaenda Ulaya. Mzee alilia, na wala si timu yake.

Narudi kwa kijana. Unaona tatizo langu? Wakala anaweza kukuonyesha nembo ya kweli, kombe la kweli na picha ya kweli ya mwaka 1970, na bado aliyesaini ile karatasi akawa hahusiani na chochote. Wenyewe hapa wanapelekana mahakamani. Steaua, bingwa wa Ulaya 1986, zamani ilikuwa timu ya jeshi; jeshi lilimshinda mmiliki mpya wa timu kesi ya jina, yeye akalazimika mwaka 2017 kuita yake FCSB, na jeshi likaanzisha Steaua yake Liga IV. Aprili 2018 mechi yao ya daraja la nne na Academia Rapid iliingiza watu zaidi ya 36,000. Craiova kuna timu mbili zinazodai mababu walewale. Kama Waromania wenyewe wanahitaji hakimu kujua timu ipi ni ipi, babu wa Magu atajuaje kwa kuangalia muhuri?

Na kuhusu muhuri. Nimeikuza ile picha uliyonitumia. Nchi hii kwa lugha yake inaandikwa *România*. Muhuri unasema *Romanya*. Sijasema kitu, lakini…

Kuna jambo zito zaidi, na hapa sina utani. Kijana ana miaka kumi na saba. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, na yeye hamo hata katika moja, maana wazazi wake wako Magu na hawahamii popote. Kwa hiyo hata timu ingekuwa hai na wakala angekuwa malaika, mkataba huo haupiti. Akitimiza 18 Novemba, timu inayomtaka kweli itaandika kwa jina lake yenyewe, vyama vya mpira vya nchi mbili vitawasiliana, na hakuna atakayemwomba babu hela ya faili.

Najua utasema namwonea wivu, kwamba nimekula Ulaya na sitaki mwingine aje kula. Kulwa aliniambia hivyo mwaka juzi na bado kinaniuma. Namtaka mtoto aje, lakini aje kama mchezaji. Nimeshawakuta vijana wawili, wa nchi nyingine si yetu, wameachwa kituo cha treni na begi la viatu. Mmoja tulikaa naye hapa wiki tatu. Hilo sikukuandikia, ni mojawapo ya zile sababu tatu.

Nifanyie haya: nitumie ukurasa wa pili wa ile karatasi, wenye sahihi, na namba ya simu iliyo chini. Nitapanda treni mwenyewe niende hadi kwenye ofisi za hiyo timu niwaulize ana kwa ana. Kiromania changu sasa kinatosha kugombana.

Kwani kijana mwenyewe anasemaje? Ameshasaini chochote? Mama yake anajua, au mmemficha kama kawaida yenu? Huyo wakala mlimpata wapi, ni yuleyule wa ndondo za Kirumba aliyepotea na hela za jezi? Ng'ombe bado wako zizini au mzee ameshapokea rubuni? Na Doto amejifungua? Mtoto gani? Pamba wanabaki au wanashuka, mbona husemi? Na ile soda?

Nijibu kabla ya Ijumaa, siku ya mnada.

Wako,
Mabula

Dagaa zimeisha. Kama kuna mtu anakuja, kilo mbili, zile za Ukerewe, zisizo na mchanga.