Barolo yangu ilichemka njiani

Mhariri,

Makala yenu ya safari ya majuma mawili yaliyopita iliwashauri wasomaji watakaozuru Italia wanunue mvinyo kwenye cantina zenyewe, yaani pishi za watengenezaji, katoni nzima nzima, kisha wawaachie wenyeji kazi ya kuusafirisha hadi nyumbani. Ushauri huo mimi niliufuata kabla haujaandikwa. Naomba nafasi nieleze yaliyonipata, maana kuna watu watakaokata hiyo makala na kuitia kwenye pochi ya pasipoti.

Nimehudumu mezani kwenye mikahawa ya Kiitaliano hapa Malindi kwa miaka 19. Kufungua chupa na kunusa kizibo ndiyo kazi inayolisha watoto wangu, kwa hivyo sikwenda kama mshamba. Novemba 2023 nilialikwa Alba, huko mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, na familia ya bosi wangu wa zamani. Ni msimu wa tartufo, ule uyoga wa ardhini wanaoupima kwa gramu kama dhahabu, na mji mzima unaunukia.

Tulipanda vilimani kwa mzee mmoja mwenye cantina. Akatuteremsha chini ya nyumba yake, kwenye giza, baridi ikanifanya nijifunge leso mabegani. Akanimiminia Barolo ya 2019, mvinyo mwekundu wa vilima hivyo. Zabibu zake, Nebbiolo, zilichumwa vuli ya mwaka huo, na sheria yao hairuhusu Barolo kuuzwa kabla ya kutimiza miezi 38, angalau 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya pipa. Alinionyesha pia ule ukanda wa karatasi shingoni mwa chupa, wenye namba, unaochapwa na kiwanda kile kile cha serikali kinachotengeneza sarafu. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wao yaliwafika mabaya zaidi ya maji, kwani mwaka 1986 wafanyabiashara walitia methanoli kwenye mvinyo wa rahisi na watu zaidi ya 20 wakafa. Tangu hapo hawana mzaha na karatasi.

Nikanunua katoni mbili: Barolo sita kwa euro 32 kila moja, na Barbera, mvinyo mwekundu mwingine wa huko, sita kwa euro 11. Jumla euro 258. Kwa ndege niliambiwa nauli ambayo ingepita bei ya mvinyo wenyewe. Basi mtu wa kampuni ya usafirishaji akaniambia mzigo utapanda meli, ndani ya kontena la kuchangia, pamoja na fanicha za watu wanaohamia Pwani. Euro 140, mpaka mlangoni. Nililisikia lile neno "mlangoni" na nikafurahi, nisiulize ni mlango upi.

Kontena lilipakiwa kwenye bandari ya Genova mwezi Januari. Mtakumbuka wakati huo meli nyingi zilikuwa zimekwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hivyo mvinyo wangu ulivuka ikweta upande wa magharibi, ukazunguka kusini kabisa, ukarudi kupanda huku upande wa mashariki. Ulifika Mombasa katikati ya Machi. Mwenye kuijua Machi ya Mombasa hahitaji kuelezwa: ni wakati ambao hata usiku ukuta wa nyumba bado una moto, sembuse kontena la chuma lililoanikwa juani. Na humo lilikaa siku 19, kwa kuwa kwenye hati za msafirishaji chupa zangu ziliandikwa pamoja na vyombo vya jikoni vya mtu mwingine. Kila siku iliyopita ilikuwa na gharama yake.

Katoni zilipofika hatimaye, sikuhitaji kizibuo kujua. Chupa ya kwanza niliyoishika ilinata. Kizibo kilikuwa kimepanda juu ya mdomo wa chupa unene wa ukucha, kikisukuma kile kikofia cha shingoni. Kikofia cha chupa nzima hucheza ukikizungusha kwa vidole; vyangu viligoma, kwa sababu mvinyo ulikuwa umevuja na kukaukia chini yake. Niliufungua hivyo hivyo. Rangi ya Barolo, ambayo kwa kawaida ni nyekundu iliyopauka kama tofali kuukuu, ilikuwa imegeuka hudhurungi, na mdomoni ni zabibu zilizochemshwa na sukari guru. Nimekulia Kaloleni chini ya minazi, najua kwamba mnazi wa asubuhi na mnazi wa jioni si kinywaji kimoja. Ila mnazi haukuahidi chochote. Huu ulitunzwa gizani miezi 38, nami nikaumaliza kwa minne. Katika chupa 12, mbili za Barbera ndizo zilizosalimika.

Sasa hesabu ambayo makala yenu haikuigusa. Forodha yetu haitozi ushuru kwa bei ya dukani peke yake. Huchukua bei ya bidhaa, ikaongeza bima na nauli, ndipo ianze kutoza. Zile euro 140 za meli nazo zikawa "mvinyo". Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa baada ya hayo yote kujumlishwa. Ongeza wakala wa kutoa mizigo na ghala. Nilipogawa kwa 12, kila chupa, hata ile Barbera ya euro 11, ilinitoka zaidi ya shilingi elfu nane. Wala nisingeweza kuziuza mkahawani nirudishe chochote, kwa sababu chupa ya mvinyo ikiuzwa Kenya lazima iwe na stempu ya ushuru. Mwagizaji mwenye leseni ana hiyo stempu na ana kontena la baridi. Tunapolalamika kwamba bei zake ni wizi (mimi mwenyewe nimelalamika sana), tunasahau kwamba hayo yote yamo humo.

Kuna jambo jingine lililoniuma baadaye. Bei ya mvinyo Italia ina VAT ya asilimia 22 ndani yake, na mgeni asiyeishi Umoja wa Ulaya anaweza kudai irudishwe, mradi aondoke na bidhaa mwenyewe na fomu yake ikaguliwe na forodha kabla ya kupanda ndege. Tangu Februari 2024 inatosha ununuzi kupita euro 70 katika duka moja. Mimi nililipa karibu euro 46 za kodi hiyo, nikazipoteza kwa kuwa chupa zilisafiri bila mimi.

Ningekuwa mwandishi wenu, ningewaambia wasomaji hivi: beba mwenyewe. Sheria ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima kuingia na lita mbili za mvinyo bila ushuru, ambazo hazifiki chupa tatu. Zikizidi, tamka na ulipe. Zitie kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi. Chupa nzito za Barolo hukaribia kilo moja na nusu, kwa hivyo usijidanganye na sita. Mimi sasa huifunga kila chupa kwa leso, kisha naisukuma ndani ya mguu wa suruali ya jinzi, na haijapata kuvunjika hata moja.

Na anayeng'ang'ania meli, aangalie kalenda za pande zote mbili. Pwani hupoa Juni hadi Agosti, lakini huo ndio wakati Italia yenyewe inaungua, na mwezi Agosti nusu ya nchi imefunga kazi iko ufukweni. Upenyo uliopo ni mzigo kuondoka Aprili, ushuke Juni. Aombe pia maandishi yanayosema waziwazi nani atalipa ushuru na nani atajibu mzigo ukichelewa. Mimi nilipouliza baada ya hasara, msafirishaji alinijibu kwamba "mlangoni" maana yake ni mlango wa bandari.

Barbera moja nimeinywa na mume wangu kwa samaki wa kupaka, ilikuwa nzuri. Ya pili ipo kwenye friji ya mkahawa, nyuma ya maziwa. Mzee wa cantina hana kosa na wala sijamwambia. Kila Novemba hunitumia orodha yake ya bei, na chini kabisa ameandika kwamba kusafirisha si tatizo.

Mhudumu wa meza,
Malindi