Mtani, nimevaa nyekundu

Lincoln, Nebraska
28 Novemba 2021

Mtani wangu Shabani,

Salamu za huku kwenye baridi. Mimi mzima, ila tangu juzi Ijumaa sauti imekauka. Naanza na la kukiri, ulicheke yaishe: nimevaa jezi nyekundu. Mimi, mtoto wa Jangwani, Yanga damu! Timu ya chuo hapa, Cornhuskers, wanacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi; rangi zao nyekundu na nyeupe ya maziwa, karibu kama zenu Simba wa Msimbazi, na siku ya mechi ukiingia Memorial Stadium na kijani utaonekana umepotea njia. Ukimwambia mama, urafiki wetu umekwisha.

Sasa sikia. Msimu umeisha: mechi kumi na mbili, tumeshinda tatu, tumefungwa tisa. Utasema timu mbovu. Nami ningesema hivyo, lakini hesabu inagoma. Jumlisha pointi za msimu mzima: tumefunga 335, tumefungwa 272. Sisi ndio tuliofunga nyingi! Hakuna aliyetupita kwa zaidi ya pointi tisa, na aliyetupita kwa hizo ni Ohio State. Huku ukivuka mstari na mpira unapata sita, teke la nyongeza linaleta ya saba. Basi kati ya mechi tisa tulizopoteza, nne tumefungwa kwa tofauti ya pointi saba tu, yaani kama moja bila ya kwetu. Northwestern tuliwatandika 56 kwa 7, Shabani. Halafu tukarudi kufungwa kidogo kidogo.

Ile ya Michigan State ndiyo imeniganda. Ilikuwa 25 Septemba, tarehe ambayo najua huipendi. Asubuhi ya huku Mayele wetu wa Yanga aliwafunga Simba kwenye Ngao ya Jamii, nikashinda natembea kama bwana harusi. Usiku tukakaa kutazama. Tunaongoza 20 kwa 13, zimebaki kama dakika nne, tunaupiga mpira mbali kuwarudishia. Mpigaji akaupeleka upande ambao wenzake hawapo. Jamaa wa kwao akaudaka, akakimbia nao yadi 62 kama anawahi daladala ya mwisho. Sare. Muda wa nyongeza, tukalala 23 kwa 20.

Na Michigan, timu nyingine hiyo, ni 29 kwa 29, zimebaki chini ya dakika mbili mpira uishe, mchezaji wetu akachomolewa mpira mikononi. Wakapiga teke la pointi tatu, kwaheri. Juzi na Iowa tunaongoza 21 kwa 6, nikaanza kukuandikia ujumbe wa majigambo. Bahati nilikuwa na glovu, vidole havikuandika haraka. Teke letu likazuiwa, wakauokota wakaingia nao. Ikaisha 28 kwa 21 yao. Ukiniuliza mimi, wakimbiaji hawana kosa. Tunakufa kwenye mateke na dakika za mwisho.

Wenyeji wanamtazama kocha, Scott Frost. Huyu ni mtoto wa Nebraska hii hii, ndiye aliyeongoza mashambulizi timu ilipochukua ubingwa wa 1997, wa tano na wa mwisho mpaka leo. Alipoanza kufundisha hapa 2018 walimpokea kama mtoto aliyerudi kujenga kwao. Misimu minne: ameshinda 15, amefungwa 29. Mwezi huu wamempunguzia mshahara na kuwaondoa wasaidizi wake wanne, yeye wamembakisha. Kwetu angekuwa ameshapanda ndege tangu Oktoba.

Lakini kinachonishinda kuelewa ni hawa watu. Tiketi za uwanja huu zinaisha kila mechi tangu 1962. Watu zaidi ya 80,000, baridi inakata masikio, kuja kutazama timu yenye ushindi tatu! Pembeni yangu hukaa mzee mmoja na mkate wake uliojazwa nyama ya kusaga na kabichi, wenyewe wanauita runza. Kila mechi hunimegea. Juzi filimbi ya mwisho ilipolia hakutukana, hakulia. Alikunja blanketi lake, akaniuliza kama mwakani nitakaa kiti kile kile.

Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri. Sasa, miaka minne bila ubingwa Jangwani, na hii nimejiongezea mwenyewe.

Mechi ya watani inakaribia. Jezi yangu ya kijani iko kwenye sanduku kwa mama. Akipatikana wa kuja huku mpe aniletee, na mama akiuliza nimekuwa nikivaa nini siku zote hizi, mwambie koti.

Wako,
Hamisi