Mwanangu, mpeleke mtoto kabla hujasafiri

Mwanangu Salimu,

Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepoa, anatembea hadi getini na kurudi bila kushika ukuta. Nimelitanguliza hilo usije ukadhani barua hii imeletwa na ugonjwa wa nyumbani. Imeletwa na kadi ya mtoto.

Mkeo alinipigia jana usiku. Usimgombeze, hakuja kukushtaki. Alitaka kuniuliza kama dada yako Rehema alipokuwa mchanga alikuwa akishtuka kwa kishindo. Katika kuuliza ndipo likamtoka kwamba mtoto alipimwa masikio siku ya pili baada ya kuzaliwa, mashine haikupata jibu kwa masikio yote mawili, mkaambiwa mrudi akifikisha wiki 4. Leo ana wiki 7. Nikamuuliza mnangoja nini. Akasema wewe unaona mtoto hana neno, na kwamba ukirudi safari mtampeleka.

Safari yako ni ya miezi 3, na unaondoka wiki ijayo. Nimehesabu mara mbili. Utakaporudi mwanao atakuwa anakaribia miezi 5.

Ningekuwa namwandikia mtu mwingine ningeanzia mbali. Wewe sina haja. Ile siku nilipobamiza mlango kumpima Rehema sina haja ya kukukumbusha, ulikuwepo, na jicho ulilonitazama nalo sijalisahau. Ndiyo maana nashindwa kukuelewa. Angekuwa mdogo wako ningesema hakuyaona. Lakini wewe, uliyekuwa ukimgusa dada yako begani ageuke aone midomo yetu, ndiwe unayesema tungoje?

Mkeo anasema mtoto anaguna, anatabasamu, analia kwa nguvu. Naamini. Rehema naye alikuwa hivyo hivyo. Mtoto kiziwi miezi ya mwanzo huguna na kulia kama mwingine yeyote, humtambui kwa hilo. Anasema pia ulipiga makofi nyuma ya kichwa chake, akashtuka, ukatosheka. Salimu, kipimo hicho ni changu. Mimi fundi redio, mtu aliyeshinda na sauti kutwa, nilibamiza mlango, mtoto akageuka, nikamwambia mama yako, "Umeona?" Kumbe alihisi sakafu ikitetemeka na upepo ukimpiga shingoni. Makofi nayo yana upepo na yana kivuli. Na hata mtoto anayesikia kishindo kwelikweli anaweza asisikie sauti nyembamba, ile s, ile f, ile sh. Mlango una sauti nene. Maneno yanahitaji zote mbili.

Mashine waliyomwekea nimeisoma habari zake. Ncha laini inaingizwa sikioni, inatoa milio midogo, kisha inanyamaza na kusikiliza. Sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi, hafifu sana, lakini upo. David Kemp ndiye aliyeupima mara ya kwanza, London, mwaka 1978. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza ufundi, na miaka yote iliyofuata nilidhani sikio kazi yake ni kupokea tu. Sikujua kwamba nalo hujibu. Ningelijua labda ningeuliza mapema kama kuna kifaa cha kulisikiliza.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana sitaki umtishe mkeo. Mashine kutopata jibu haina maana kwamba mtoto ni kiziwi. Wengi wanaoambiwa warudi hukutwa wanasikia vizuri. Majimaji na uchafu wa kuzaliwa hubaki kwenye tundu la sikio na kuziba njia, ukisafika jibu linapatikana. Kipimo cha kurudia nacho si cha kumuumiza. Wakiamua kutumia kile kingine, mtoto hubandikwa vibandiko kichwani akiwa usingizini, anasikilizishwa sauti, wao wanaangalia ubongo unavyoitikia. Hakuna sindano. Anyonye, ashibe, alale, basi. Huenda jibu la kukutuliza ungekuwa nalo tangu wiki 3 zilizopita, ukafunga begi lako kwa amani.

Na kama jibu si hilo, basi ndiyo kabisa siku zinahesabika. Wataalamu wana hesabu wanayoifuata: apimwe kabla ya mwezi 1, ijulikane kwa hakika kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha habari za watoto 150 wenye matatizo ya kusikia. Waliogunduliwa kabla ya kutimiza miezi 6 walikuwa mbele kwa lugha kuliko waliogunduliwa baadaye, hata waliokuwa hawasikii kabisa. Rehema aligunduliwa akibakiza miezi 2 kutimiza miaka 4. Watu waliniambia kuna watoto wanaochelewa kusema, nami nikapenda kuwasikiliza wao kuliko mama yako.

Nilipofika hapa Rehema aliingia akasoma nilichoandika. Akaniuliza kama namwandikia kaka yake habari za msiba. Kisha akachukua kalamu akafuta neno nililokuwa nimeandika pale juu, utaliona lilivyokatwa. Neno hilo lilikuwa "balaa". Nilitetea, nikasema sikumaanisha yeye. Akaniambia kwa mikono, polepole kama anavyonifanyia siku zote, kwamba miaka ile hakuwa na huzuni ya kukosa sauti, maana hakuijua. Alichokosa ni majina ya vitu. Tumbo lilimuuma, asijue kwamba kuumwa kuna jina. Aliona watu wakiondoka asijue kama watarudi. Hakujua hata kama yeye mwenyewe ana jina. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema. Nimeliacha neno limefutwa.

Kwa hiyo usimpeleke mtoto ukiwa na hofu ya kuambiwa ni kiziwi. Shangazi yake ni kiziwi na ndiye fundi seremala ninayemwamini kuliko wote. Mpeleke ili asipoteze hata mwezi mmoja bila mtu wa kusema naye kwa njia anayoipata.

Jambo la pili, nendeni wote wawili. Mama yako alikwenda hospitali na Rehema mgongoni mara ngapi, hesabu unaijua wewe kuliko mimi, maana ulikuwa ukifuatana naye. Mimi nilisema kibandani kazi zimejaa. Zilikuwepo, kweli, lakini redio ya mtu inaweza kungoja hadi kesho. Mzazi mmoja akiambiwa jambo zito chumbani mle nusu yake haimwingii, anarudi nyumbani na nusu, na yule aliyebaki anauliza maswali kana kwamba mwenzake ndiye daktari. Nilimfanyia hivyo mama yako. Usimfanyie mkeo.

Na wewe ulitolewa darasani ukiwa na miaka 9 uje umweleze mama yako alichosema daktari, kisha umweleze Rehema alichosema mama yako. Watu walikusifu, nami nilijisifia wewe mbele za watu. Ulijifunza lugha ya alama kwa muda usiozidi mwaka, mikono yako ikawa myepesi kuliko ya mwalimu wenu. Bado najivunia. Lakini mtoto wa miaka 9 hakupaswa kubeba mzigo ule, na kila nikikuona unavyoyakimbia mazungumzo ya hospitali nahisi najua yalianzia wapi. Huenda hata hili la kungoja linatoka huko. Kama ni hivyo, sikulaumu kama nilivyokulaumu pale juu, lakini mtoto bado anatakiwa apelekwe.

Mkeo aligusia pia kwamba kwao wamesema mambo haya hayapo katika ukoo wao. Mjibu kwa upole. Kwetu pia hayakuwepo. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Upo uziwi ambao baba anaubeba kimya na mama anaubeba kimya, wote wawili wasijijue, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuupata kutoka pande zote mbili. Hakuna wa kunyooshewa kidole hapo. Nasema haya kwa sababu mama yako alinyooshewa, nami nilikuwa nimekaa pale pale.

Mwambieni daktari waziwazi kwamba shangazi wa mtoto ni kiziwi tangu kuzaliwa. Wasipouliza, semeni. Na hata akifaulu safari hii, ombeni apimwe tena kabla hajafikisha mwaka, maana kuna usikivu unaopungua baadaye na kipimo cha siku za kwanza hakiwezi kuuona.

Ikifika kwenye vifaa, usiwe na haraka ya kukata tamaa kama nilivyofanya mimi. Shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, ikipiga mluzi si mbovu. Ni kile kipande laini kinachoingia sikioni, kimeshakuwa kidogo, sauti inavuja na kurudi kwenye kipaza sauti. Ni kosa lile lile la spika kuelekezana na maikrofoni, na mimi nililijua kibandani lakini nyumbani sikulitambua, nikakiweka kifaa cha dada yako kabatini wiki nzima. Sikio la mtoto mchanga hukua upesi, kipande hicho huenda kikabadilishwa kila baada ya miezi michache, kwa hiyo tengeni fedha zake mapema. Betri zake ni ndogo kama kifungo. Zifungieni mbali na mtoto. Akimeza moja mkimbizeni hospitali saa ile ile, msingoje kuona kama itatoka, kwa sababu huunguza koo ndani ya saa chache.

Lakini usingoje kifaa ndipo uanze kusema naye. Alama unazo mikononi mwako. Anza leo: maziwa, baba, mama, kulala. Akikutwa anasikia, alama hazitakuwa zimemdhuru kitu, na shangazi yake atapata mtu mwingine wa kuzungumza naye katika nyumba hii ambayo wote tunachoka upesi. Rehema anasema yuko tayari kuja kukaa na mkeo mwezi mzima ukiwa hupo. Ana oda ya vitanda viwili, akiimaliza ataanza safari. Mjulishe mapema kama kuna nafasi ya kulala. Tafuteni pia wazazi wengine wenye mtoto wa namna hii, kitengo cha masikio huwa wanawafahamu. Sisi tulikutana na wenzetu Rehema akiwa na miaka 6, na mama yako usiku ule alilala hadi asubuhi.

Tangi la maji limepasuka upande wa chini. Nimeliziba kwa muda, fundi anasema halifiki mwisho wa mwaka. Usitume fedha za tangi mwezi huu, nimekwisha kusema na mdogo wako. Ule mlango wa sebuleni ulikuwa umelegea bawaba, Rehema ameung'oa, ameupiga randa, ameurudisha, sasa unajifunga bila kelele. Mablanketi ya mtoto mama yako amemaliza mawili. Analalamika hujampigia tangu Jumapili ile, na kwa hili nipo upande wake.

Nimekutumia nauli kidogo kwenye simu. Si kwa ajili ya safari yako ya kazi. Mkeo amesema kitengo cha masikio hupokea watoto Jumatano kuanzia saa mbili asubuhi. Wewe unasafiri Alhamisi. Kama mwajiri wako hatakubali uanze kazi siku 2 baadaye, basi hiyo Jumatano inakutosha, uende nao uketi ndani pamoja nao. Kadi iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi la mtoto, nimemuuliza akaniangalizia. Mwulize daktari jina la kipimo alichofanya na uliandike nyuma ya kadi, pamoja na jibu la kila sikio mbali mbali, la kulia na la kushoto. Kisha nipigie. Siendi kibandani siku hiyo.

Baba yako