Shoga, hivyo vidonge sikupi

Shoga yangu, salama? Huku sisi wazima, watoto wanasumbua kama kawaida yao. Najua nimekaa kimya wiki nzima tangu unitumie ile sauti ya usiku ukiomba antibayotiki zangu zilizobaki umeze kwa mafua yako, ukadhani nimekununia. Sijanuna. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia hapana bila wewe kunikatia simu, mwisho nikaona bora niandike.

Vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwangu sikupi. Kwanza havipo, nimevirudisha duka la dawa. Halafu hata vingekuwepo, mafua ni virusi, na antibayotiki ni dawa ya bakteria, haimwezi kirusi hata umeze kopo zima. Na usianze kuniambia makamasi yamekuwa ya kijani, hiyo rangi inatokana na kinga yako inavyopigana, siyo lazima iwe bakteria.

Ila kilichonikaa kichwani ni pale uliposema "mwili wangu umeshaizoea amoksilini, nitafutie kali zaidi". Nilicheka peke yangu, maana na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka ile UTI ya mwaka jana. Si unakumbuka? Nilimeza siku mbili, maumivu yakakata, nikaacha, vilivyobaki nikavitupia kwenye droo najiona mjanja. Ikarudi, nikameza vya droo. Ikarudi tena, safari hii na homa na mgongo unauma hadi siwezi kuinama, ndo nikaambiwa mkojo ukaoteshwe. Baada ya siku kadhaa napewa karatasi, majina ya dawa yamepangwa kushuka chini na mbele ya kila moja kuna herufi. R, R, R, R, halafu S moja tu kule chini. Mimi nafurahi eti R zimejaa, kama vile nimefaulu mtihani! Kumbe R maana yake wadudu ni sugu, dawa hiyo haiwafanyi kitu. Na hiyo S, yaani dawa inayowaweza, yenyewe ilikuwa ya sindano. Nilichomwa mpaka kukaa ikawa kazi.

Sasa nikamwambia yule wa maabara, kwa hiyo mwili wangu umezizoea zote hizi? Akaniuliza, kwani mwili wako ulikuwepo kwenye kisahani? Wanachofanya wanaotesha wale bakteria kwenye kisahani, wanaweka juu yake vikaratasi vidogo vya duara vyenye dawa, wanaacha. Kesho yake wakiangalia, dawa inayofanya kazi imeacha duara safi pembeni yake, na iliyoshindwa wadudu wameota mpaka wamekigusa kikaratasi. Yaani mimi nimelala zangu nyumbani, mle ndani kuna mdudu na dawa tu, na dawa imepigwa! Anayezoea ni mdudu, shoga, siyo wewe. Wale dhaifu wanakufa, mwenye ujanja wake anabaki, anazaana, na ujanja anawagawia wenzake. Halafu anahama. Mama mdogo anaweza kuambukizwa yuleyule sugu wa kwako hata kama yeye hajagusa kidonge miaka.

Usione aibu lakini. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliuliza watu karibu 10,000 kwenye nchi 12, na 76 katika kila 100 wakajibu kama wewe, kwamba mwili ndo unaozoea. Tuko wengi, ndo maana dawa kali zinaombwa kama maji, na zile kali zikishashindwa sijui tutaomba nini tena... basi tuache.

Haya niambie, hiyo homa ni siku ya ngapi? Unapumua vizuri au kifua kinabana? Maana hapo si pa kungojea, nenda ukapimwe. Na hivyo vidonge ulitaka umgawie na mama mdogo? Si ndiye aliyevimba midomo na penisilini ile mara, unajua amoksilini ni ukoo huohuo? Yule jirani yako wa juu bado anagawa vidonge kama peremende? Na kwenye droo yako wewe kuna nini, hebu sema ukweli.