Ndege za kwanza hazikuwa Dakota

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita imesema Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza na Dakota. Sivyo. Lilipoanza safari tarehe 1 Januari 1946 lilikuwa na Dragon Rapide sita, ndege za de Havilland zenye bawa juu na bawa chini, injini mbili, abiria wasiozidi wanane, na rubani peke yake kule puani. Dakota zilikuja baadaye.

Nayajua haya kwa sababu marehemu baba alizishona. Sitanii. Alikuwa fundi cherehani hapa Tanga, akaenda Nairobi kutafuta kazi ya kushona suruali, akajikuta ndani ya hanga, yaani banda la ndege, anashona bawa. Rapide ilikuwa ya mbao na plaiwudi, mabawa yamevikwa kitambaa. Kitambaa kilifungwa kwenye mbavu za bawa kwa uzi uliopakwa nta, fundi mmoja juu na mwenzake chini, wakipokezana shazia. Kisha kikapakwa dopu, aina ya vanishi ambayo ikikauka hukikaza. Baba alisema inanuka kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na siku wakiipaka mlango umefungwa, hata ugali wa jioni haupiti. Mkaguzi alipita akigonga kwa kidole. Bawa lisipolia kama ngoma, rudia.

Ninacho kipande cha kitambaa hicho, upana wa kiganja, kina rangi ya fedha. Nikikigonga kwa ukucha bado kinalia.

Jambo jingine, mwandishi wenu amemruka Bi. Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha Wilson Airways huko Nairobi mwaka 1929. Rapide alikuwa nazo kabla ya Shirika la Afrika Mashariki kuzaliwa, na ndege za kampuni yake zilifuata njia ya pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Vita vya 1939 vilipozuka jeshi likazichukua, kampuni ikafa. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, umepewa jina lake, ingawa kila ninayemuuliza hudhani Wilson alikuwa gavana fulani wa Kiingereza.

Mkitaka kusahihisha kwa picha, mleteni mpigapicha wenu asubuhi, kabla sijaenda shamba. Kitambaa kipo. Shazia ya baba pia ipo, ila atalazimika kumwomba mke wangu, maana ndiyo anayoshonea magunia ya mahindi.

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga