Risala ya Wanafunzi wa Uuguzi kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wauguzi mnaotulea wadini, wazazi na wanafunzi wenzetu, tunawasalimu nyote kwa heshima.

Kwa niaba ya wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi leo, tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, ambayo wauguzi kote duniani huiadhimisha. Tunafahamu kwamba risala za wanafunzi huwa na maombi mengi, kuanzia basi hadi rangi ya kuta. Yetu ina jambo moja tu, nalo ni hofu ya mgonjwa anayesubiri kupasuliwa na muda ambao muuguzi anahitaji ili aishughulikie.

Katika hospitali moja tuliyopelekwa kwa mazoezi, alilazwa mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa upande wa Nyakach, aliyekuwa atolewe goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Asubuhi ya upasuaji presha yake ilisoma 186 kwa 112, ilhali jioni iliyotangulia haikuwa na neno. Ilipimwa tena na tena, haikushuka, na daktari wa nusukaputi akaahirisha upasuaji, uamuzi ambao hatuupingi hata kidogo. Faili iliandikwa kwamba mgonjwa ana wasiwasi. Sote tulidhani anaogopa kufa. Mmoja wetu alimwambia, "Mama, usiogope, Mungu yupo," naye akaitikia kwa adabu na kujivutia leso hadi kidevuni.

Jioni hiyo muuguzi wa zamu, aliyekula chumvi nyingi katika kazi hii, alivuta kiti akaketi kando ya kitanda. Alimsalimu kwa Kiluo, akamuuliza habari za mvua na shamba, kisha akamuuliza, "Mama, katika haya yote ya kesho, ni lipi hasa linalokusumbua?" Mama alinyamaza kitambo. Halafu akaeleza kwamba aliyemleta hospitalini ni mkwe wake, mume wa bintiye, na kwamba asubuhi ile mkwe alikuwa amesimama pale pale mlangoni wakati yeye anaagizwa avue nguo zote, avae gauni lililo wazi mgongoni, tena atoe meno yake ya bandia. Mheshimiwa, anayejua jinsi mama mkwe na mkwe wanavyoheshimiana huku kwetu hahitaji maelezo zaidi. Kesho yake mkwe aliombwa kwa upole asubiri nje, pazia likavutwa, meno yakatolewa mlangoni mwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, badala ya wadini, na ile leso ikamsitiri hadi hapo. Presha ilisoma 148 kwa 90 bila kuongezewa kidonge chochote, na goita ikatolewa.

Tumelisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu hofu ya mgonjwa si jambo la moyoni peke yake. Mwili unapoogopa humwaga adrenalini, mapigo ya moyo yakaenda mbio na presha ikapanda. Mgonjwa wa namna hiyo huenda akahitaji dawa nyingi zaidi ili alale, na akiamka maumivu yakamzidi. Muuguzi aliyeketi kwenye kiti kile alikuwa anatibu.

Nasi tumejifunza kutoliamini sana neno "usiogope". Humfanya msemaji ajisikie amefanya kazi, na humwachia mgonjwa hofu yake vile vile. Kinachosaidia ni kumweleza mapema yatakayomfika: kwamba chumba cha upasuaji kina baridi, kwamba mama anayepasuliwa ili ajifungue kwa sindano ya mgongo atakuwa macho, atahisi kuguswa na kuvutwa tumboni bila kusikia uchungu, na huenda akatetemeka, jambo ambalo wauguzi wamelizoea na wanalo blanketi tayari. Vivyo hivyo kwa orodha ya usalama wa upasuaji ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008, yenye vipengele 19 vya kuulizwa na kuhakikishwa. Sisi tunaipenda kwa kuwa inatuzuia kupasua mguu usio wenyewe. Lakini mgonjwa ambaye hakuelezwa, akiulizwa kwa mara ya nne jina lake na mahali anapopasuliwa, huanza kujiuliza iwapo watu hawa wanamjua kweli. Sentensi moja ya maelezo jana yake ingemwondolea mashaka hayo.

Kuhusu njaa tutasema kidogo tu. Mwongozo unaokubalika kwa kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji kabla ya nusukaputi, lakini mgonjwa aliyeambiwa asitie kitu kinywani kuanzia usiku wa manane mara nyingi huitwa saa nane mchana, na hakuna aliyepita kumwambia kwamba foleni imesogezwa. Kiu hiyo nayo huandikwa kwenye faili kuwa ni wasiwasi.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, tunajua wauguzi ni wachache na wagonjwa wanaoletwa Kisumu kutoka Siaya, Vihiga na Homa Bay ni wengi. Kwa hiyo hatuombi vifaa vya gharama. Tunaomba, kwa nafasi uliyo nayo katika idara ya afya ya kaunti, kwamba ziara ya muuguzi wa thieta kwa wagonjwa watakaopasuliwa kesho iandikwe kwenye ratiba ya zamu kama yanavyoandikwa mabadiliko ya zamu yenyewe, kwa jina la mhusika na saa yake, dakika kumi na tano kwa kila mgonjwa. Kwa sasa kazi hiyo hufanywa na wenye moyo, na siku wanapokuwa likizo haifanywi. Sisi wanafunzi tuko tayari kuandamana na wauguzi hao, hasa pale mgonjwa anapohitaji mtu wa kumtafsiria Kiluo, Kiluhya au Kikisii.

Rasimu ya ratiba ya wiki moja tumeiandaa pamoja na walimu wetu, na mwenzetu ataileta mezani kwako sasa hivi. Ukipata la kurekebisha, kalamu iko juu ya karatasi. Asante.