Kura ya kiranja iheshimiwe

Mhariri,

Shuleni kwa binti yangu, hapa Moshi, viranja hupigiwa kura, kisha walimu hupanga majina upya ofisini. Kwa nini basi kuwasumbua watoto?

Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967, ilitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule, hata matumizi ya mapato yake. Kuamua pamoja hufundishwa huko, kwenye kazi. Darasa likigawanyika, hawa wataka mchicha, wale kuku, lazima wasikilizane, na walioshindwa washike jembe pamoja na wenzao. Somo la uraia la kukariri (nalo twalijua, la mtihani tu) halifiki hapo.

Walimu waanze na zamu za usafi. Darasa likishaamua, mwalimu asitengue.

Mzazi,
Majengo, Moshi